Naogelea na kuendesha baiskeli kila wiki, mbona mifupa yangu imekuwa dhaifu?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo ikiwa umenizidi umri, na ikiwa mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 58, mhasibu mstaafu, mkazi wa Njiro hapa Arusha. Nilizaliwa na kukulia Maji ya Chai, na meno yangu, kama ya wengi wa kwetu, yana rangi ya kahawia. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 49. Tangu wakati huo nimejitahidi kuulinda mwili: kwa miaka saba sasa naogelea mara tatu kwa wiki, na kila Jumamosi naendesha baiskeli na wenzangu hadi Usa River na kurudi. Presha yangu iko sawa, sukari sina.

Mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, niliteleza kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni nikiwa nimebeba beseni la vyombo. Sikuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Nilianguka kwa kimo changu tu, nikatanguliza mkono wa kulia, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa kuwashia moto. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Katika zahanati ya kwanza niliyokimbilia niliambiwa kwamba huo ni uzee na kwamba niwe mwangalifu, basi. Binti yangu anayeishi Nairobi hakuridhika. Alinichukua, nikafanyiwa kipimo cha DEXA cha kupima uzito wa mifupa. Majibu, ambayo hulinganisha mifupa yangu na ya kijana mwenye afya, yalikuwa hasi 2.6 kwenye mgongo na hasi 2.1 kwenye nyonga. Daktari alisema ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na dhaifu, akaniandikia kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki. Mkono umepona na plasta ilitolewa siku nyingi.

Kinachonisumbua ni kwamba nilifanya mazoezi na bado nimevunjika. Binti yangu anataka niache yote nitulie nyumbani. Rafiki yangu ameniletea kamba ya kuruka na kunihimiza niende kunyanyua vyuma. Lakini nikiwaza vyuma namkumbuka marehemu mama, aliyebeba majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi ya kupeleka soko la Tengeru maisha yake yote, na uzeeni akapinda mgongo hata akawa anatazama ardhi anapotembea. Je, si mizigo iliyomvunja? Je, mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya kidonge? Na wajukuu wangu wawili wa kike, wa miaka 9 na 12, ninaoishi nao, niwakinge vipi yasije yakawakuta haya?

Mama wa Njiro

*

Mama yangu, shikamoo. Mimi ndiye mdogo, na nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu katika kazi yangu ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya kuvunjika nimewapokea akina mama wengi wa umri wako ambao walikuwa wameambiwa maneno yale yale uliyoambiwa kwenye ile zahanati. Mtu wa miaka 58 anayevunjika mkono kwa kuanguka kwa kimo chake mwenyewe hapaswi kurudishwa nyumbani na neno "uzee". Anapaswa kupimwa mifupa, na binti yako alifanya jambo la maana sana kusisitiza hilo. Katika jambo la pili, hata hivyo, simuungi mkono. Usitulie nyumbani. Kukaa ndiko kutakakoiharibu zaidi mifupa yako, na nitakueleza kwa nini.

Mfupa tunaouona kwenye bakuli la supu ni mkavu na umekufa, ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba ule uliomo mwilini nao ni nguzo iliyosimama tu. Kumbe mfupa ulio hai unabomolewa na kujengwa upya kila siku, na kwa mtu mzima takribani sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani, kuna seli zinazojenga mpya, na kuna seli nyingine nyingi zaidi, zilizofukiwa ndani ya mfupa wenyewe, ambazo kazi yake ni kuhisi. Mfupa unapolemewa hujipinda kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na maji yaliyomo katika vijitundu vyake husukumwa. Seli hizo huhisi msukumo huo na kutoa taarifa kwamba hapa panahitaji kuimarishwa. Pasipolemewa, taarifa haiji, na mwili hauoni sababu ya kutunza mfupa usiotumika. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba, na yaliyogunduliwa baada yake yamelithibitisha wazo hilo la msingi. Mchezaji wa tenisi aliyeanza utotoni huwa na mifupa minene zaidi katika mkono unaoshika raketi kuliko mkono wa pili, ingawa mikono yote miwili inalishwa na damu ile ile na chakula kile kile. Wanaanga, ambao huko juu hawana uzito wa kuubeba, wamekuwa wakipoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja tu.

Sasa litazame bwawa lako la kuogelea kwa jicho hilo. Maji yanakubeba. Moyo unafanya kazi, mapafu yanafanya kazi, misuli ya mabega inavuta, lakini nyonga na uti wa mgongo vinaelea, na kwa muda huo havibebi karibu chochote. Kwenye baiskeli uzito wako umekaa juu ya kiti, miguu inazunguka bila kishindo, na hata waendesha baiskeli wa mashindano, watu wenye mapaja kama magogo, wamekutwa mara nyingi na mifupa ya mgongo isiyo mizito kuliko ya watu wasiofanya mazoezi kabisa, na wengine mepesi zaidi. Kwa hiyo hukufanya mazoezi bure, Mama. Presha nzuri uliyonayo huenda umeipata humo, na sitaki uache. Ila ulikuwa unalisha moyo, na mfupa ulikuwa unasubiri chakula chake.

Tena ulisubiri katika miaka ambayo haikuwa na subira. Homoni ya estrojeni ndiyo huzizuia zile seli zinazokula mfupa zisizidi kipimo. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hushuka, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Wewe ulianza kuogelea miaka miwili baada ya hedhi kukoma, katikati kabisa ya kipindi hicho.

Utauliza kuhusu kutembea, maana ndilo zoezi ambalo kila mtu huagizwa. Kutembea ni kuzuri, na kwa mtu aliyekuwa hatembei kabisa kunaweza kuisaidia nyonga kidogo, lakini peke yake hakujengi mgongo, kwa sababu mfupa wako umekwisha kuuzoea mzigo huo tangu ulipokuwa na mwaka mmoja. Mfupa huitikia kinachozidi mazoea yake: nguvu kubwa kuliko ya kila siku, inayokuja kwa haraka kidogo, mara chache, kisha mapumziko. Katika majaribio ya wanyama ilionekana kwamba baada ya mizigo kadhaa mfululizo zile seli huacha kusikia, na huhitaji saa kadhaa za kupumzika ndipo zisikie tena. Ndiyo maana hatua elfu nyingi laini haziufikii mfupa kama mizigo mizito michache iliyobebwa vizuri.

Hapo ndipo linapoingia suala la mama yako, nami nalijibu kwa uangalifu, kwa sababu siwezi kumpima mtu aliyekwisha kutangulia. Siamini kwamba mzigo kwa jina lake ndio uliompinda. Mgongo wa mwanamke mzee hupinda hivyo mara nyingi kwa sababu pingili za uti wa mgongo zimebonyea kwa mbele moja baada ya nyingine, na kinachozibonyeza hasa ni kuinama mbele na mgongo uliopinda huku umeshika kitu kizito: kuokota mkungu chini, kulima kwa jembe la mpini mfupi, kuinua ndoo kwa kiuno. Mwaka 1984 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walichapisha matokeo ya wanawake waliokuwa tayari na osteoporosisi ya mgongo. Miongoni mwa waliopewa mazoezi ya kuinama mbele, karibu 9 kati ya 10 walipata mivunjiko zaidi ya pingili. Miongoni mwa waliopewa mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, walikuwa chini ya 2 kati ya 10. Walikuwa wanawake wachache, na hiyo ni kweli, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba mimi simfundishi mgonjwa yeyote wa aina yako kulala chali na kujikunja tumbo, wala kugusa vidole vya miguu, wala kujipinda kwa nguvu akiwa ameshika kitu.

Na yapo maji ya kwenu. Uliposema Maji ya Chai na meno ya kahawia nilisimama kusoma kwa muda, kwa kuwa floridi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji ya chini ya Mlima Meru na yanayoyatia meno ukahawia, haiishii kwenye meno. Ikinywewa kwa wingi kwa miaka mingi huingia kwenye mfupa, ikaufanya uwe mnene lakini wenye kuvunjika upesi, na huweza kukakamaza na kuupinda mgongo; huenda mama yako alikuwa na yote mawili. Kwako wewe jambo hili lina maana ya kitabibu: floridi inaweza kuifanya namba ya DEXA ionekane nzuri kuliko nguvu halisi ya mfupa, hivyo mweleze daktari wako mahali ulipokulia, maana wa Nairobi huenda hakufikiri kuuliza. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Yanayoiondoa ni machujio maalumu, kama yale ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeyafanyia kazi kwa miaka mingi. Na makande yaive bila magadi, kwa kuwa magadi nayo hubeba floridi.

Sasa ufanye nini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walichapisha matokeo ya wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa myepesi. Nusu yao walinyanyua vyuma vizito na kutua kwa kishindo, nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane, na wengine walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mgongo wa kundi la vyuma uliongezeka kwa asilimia 2.9, ilhali wa kundi la pili ulipungua kwa asilimia 1.2. Nakueleza haya ili ujue kwamba mwili wa miaka 58 bado unasikia. Lakini kila mmoja wa wanawake wale alisimamiwa na mtaalamu kwa karibu na kupandishwa uzito taratibu, kwa hiyo nakuomba usiingie jimu kesho ukashika chuma kizito kwa sababu umesoma habari zao hapa. Tafuta kwanza mtaalamu wa fiziotherapia akutazame unavyosimama na kuinama, na umwonyeshe majibu yako ya kipimo.

Wakati unamtafuta, nyumba yako inatosha kuanzia. La kwanza kujifunza, na ndilo ningelirudia kila siku kama ningeweza, ni kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Simama, weka mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine mgongoni, kisha sukuma makalio nyuma kana kwamba umebeba sinia kwa mikono miwili na unafunga mlango kwa makalio. Magoti yalegee kidogo, mgongo ubaki umenyooka kama ubao, kifua kikitazama mbele. Ukiweza kufanya hivyo mara kumi bila mkono wa mgongoni kuhisi kwamba pamepinda, umejifunza namna ambayo beseni lile la vyombo linapaswa kuinuliwa, na mzigo wowote mwingine kwa maisha yako yote.

Baada ya hapo shika dumu la maji. Maji hayahitaji mizani, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 5 ni kilo 5, na ndoo ya lita 10 ni kilo 10 pamoja na uzito mdogo wa ndoo yenyewe. Weka dumu juu ya kigoda, si sakafuni, na uliinue kwa namna ile ya nyonga likiwa karibu kabisa na mwili, mara nane. Pumzika dakika mbili, urudie, kisha tena. Ikiwa mara ya nane ni rahisi kama ya kwanza, ongeza maji. Ikiwa mgongo unaanza kupinda, punguza. Ndani ya siku hiyo hiyo kaa kwenye kiti kigumu na uinuke bila kujishika, kwanza mikono mitupu, baada ya wiki kadhaa ukiwa umekumbatia dumu kifuani. Sukuma ukuta kwa viganja, kwa sababu kifundo kilichovunjika nacho kinahitaji kubebeshwa kidogo kidogo, sasa kwa kuwa daktari amekitoa kwenye plasta. Malizia kwa kuinuka juu ya vidole na kushuka visigino kwa kishindo kidogo, mara kumi, ukishikilia sinki la kunawia. Fanya haya mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili au tatu katikati. Misuli itauma siku inayofuata, na hilo ni la kawaida. Maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo si ya kawaida. Yakikupata, acha na umwone daktari, vivyo hivyo ukigundua kwamba kimo chako kimepungua kwa sentimita kadhaa. Jipime leo kwenye fremu ya mlango na uweke alama.

Kamba ya kuruka iache. Kuruka hujenga nyonga ya msichana na ya mwanamke ambaye bado anaona hedhi, lakini kwa mgongo wa hasi 2.6 sitakuruhusu utue kwa uzito wako wote bila mtu anayekusimamia.

Kuna jambo ambalo watu hulipita haraka nami sitaki ulipite: huo mfupa ulivunjika kwa sababu ulianguka. Uzito wa mfupa ukiongezeka kwa asilimia mbili au tatu ni faida, lakini asiyeanguka hana cha kuvunja. Simama kwa mguu mmoja karibu na meza, sekunde kumi, halafu mwingine, kila siku. Tembea kisigino kikigusa kidole kama anayepita kwenye uzi. Na kile kizingiti cha jikoni kipigwe saruji ya kukwaruza kabla mvua za vuli hazijaanza.

Kidonge endelea nacho. Dawa ya namna hiyo huzipunguza kasi zile seli zinazokula mfupa, kazi ambayo zoezi haliwezi kuifanya kwa kiasi cha kutosha katika hali yako. Nalo zoezi hukupa misuli na uthabiti wa kusimama ambao kidonge hakiwezi kukupa. Kama ni cha aina ninayoifikiria, umeelekezwa ukimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo ya kusimama kwa mguu mmoja. Chakula nacho kisikose kalisiamu, ambayo mwanamke wa umri wako anahitaji takribani miligramu 1,200 kwa siku: kikombe cha maziwa au mtindi hutoa karibu 300, dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa nyingi, na bakuli la loshoro lenye maziwa mgando ya kutosha ni chakula ambacho nisingekupa kingine badala yake.

Usitarajie kuona tofauti upesi. Eneo moja la mfupa huchukua miezi kadhaa kubomolewa na kujengwa tena, kwa hiyo kipimo cha pili kingoje mwaka mmoja au miwili kama daktari atakavyosema, na ukirudi Nairobi omba mashine ile ile, maana namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi kwa uhakika. Ukiacha mazoezi, kilichoongezeka hupotea tena.

Kuhusu wajukuu, umri wao ndio wenyewe. Karibu asilimia 90 ya mfupa atakaokuwa nao mtu maishani huwa imejengwa kabla hajafikisha miaka 20, na kwa wasichana miaka inayozunguka kuvunja ungo ndiyo yenye mavuno makubwa. Wacheze rede, wakimbie, wapande miti, wanywe maziwa, na maji yao yachujwe. Kamba aliyokuletea rafiki yako wape wao. Dakika kumi za kuruka uani kila jioni kabla ya kuoga zinawatosha.

Wako katika huduma,
Mshauri